Pini ya Mia Tano

Jumamosi, kabla korona haijaanza kunguruma,
naliinua kwa jeki tela namba nne chini ya banda la mabati,
upande wa kushoto kwanza. Daima kushoto kwanza.
Nalisukuma gurudumu kwa kidole, naliachia,
naweka sikio karibu na habu kama mkunga:
likizunguka kimya, heri;
likisaga, mchanga wa Pongwe umeshaingia.

Leo linasaga.

Naibandua kofia kwa bisibisi, taratibu, isibonyee.
Nainyoosha pini, natoa nati, natoa washa,
na beringi ya nje inanidondokea kiganjani,
nzito, imelowa, kama chura wa masika.
Ya ndani yataka nyundo na maneno laini.
Zote mbili nazizamisha kwenye kopo la mafuta ya taa,
nazisugua kwa mswaki wa zamani wa binti yangu
hadi gololi zionyeshe uso:
ndefundefu, punje za mpunga zilizogeuka chuma.
Nazihesabu. Sijui kwa nini; hazijawahi kupungua.
Natafuta doa la buluu, alama ya joto,
natafuta kitundu, kovu kama la ndui.
Siziwekei upepo wa kompresa:
beringi kavu ikipulizwa huzunguka na kuimba,
na wimbo huo ndio msiba wake.
Nazianika juu ya gazeti, nangoja.

Kiondo amefika na fimbo yake.
Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mguu ule ameunyoosha mbele.
"Umeamkaje."
"Salama."
Basi.

Sasa grisi. Si kupaka; kupaka ni kwa mkate.
Natia bonge kwenye kiganja cha kushoto,
beringi naishika kwa kulia, upande mpana chini,
naikandamiza, naivuta, naikandamiza,
mpaka grisi ichomoze juu katikati ya gololi
kama tambi za mwezi wa Ramadhani.
Naigeuza kidogo, naanza upya.
Ya zamani haichanganywi na mpya.
Nilichanganya, mwaka ule.

Mwaka ule zilibaki siku mbili kufika Idi.
Matela saba, mimi peke yangu,
na kanzu yangu ingali kwa fundi Ngamiani.
Grisi mpya nikaitia juu ya nyeusi.
Pini ya zamani nikaikunja tena,
nikasema, itashika.
Ikashika hadi kwenye kivuko cha reli.
Wasema Tanga waja leo, waondoka leo;
gurudumu lile liliondoka bila kuaga,
likakata mistari ya mkonge likirukaruka kama mbuzi,
tela likalala ubavu, matita yakamwagika,
na chini ya matita, Kiondo.

Msimamizi aliandika: barabara mbovu.
Nikatia sahihi. Karatasi ikabaki na alama ya dole gumba
ambayo hakuna aliyeiomba.

Sili mpya. Habu inarudi mahali pake.
Nakaza nati huku nalizungusha gurudumu
hadi liwe zito, kisha nairudisha nyuma,
kidogo, robo ya robo.
Ikibana, itaungua. Ikilegea, itayumba.
Wengine husema mkono hujua.
Wangu niliacha kuuamini,
kwa hiyo nalitikisa juu na chini,
mara mbili, mara tatu, na moja ya nyongeza.

Nanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.
Pini huwa mfukoni mwa Kiondo, mpya, ya mia tano,
ameinunua Barabara ya Kumi na Mbili kwa hela yake,
kila Jumamosi, miaka mitatu,
wala sikuwahi kumwagiza.
Leo inafika vidoleni mwangu, haiachiwi.

"Ile," anasema, "ulikuwa umeikunja mara ngapi?"

Kule kiwandani korona imewashwa.
Mabati yanatetemeka, na kopo, na mafuta ndani ya kopo.

"Tatu."

Anaiachia pini.
Naipitisha tunduni, naifungua miguu,
mmoja huku, mmoja kule.

"Bado kulia," anasema,
na kwa fimbo yake anaisukuma ndoo
hadi upande wa pili wa tela.